Spika za Mzee Asiyesikia

Sabufa yetu ilikuwa na taa za rangi na mdundo wa kutikisa vikombe kabatini, lakini sauti za waimbaji zilizama humo. Mume wangu aliipenda. Ila yeye kazi yake iko mbali, Nduguti, anakuja mwisho wa wiki tu; mimi ndiye ninayebaki nayo nyumbani Utemini, nikitoka zamu hospitali miguu imevimba, nikitaka muziki wa kupumzisha kichwa.

Nikaanza kutafuta spika za zamani, zile za maboksi ya mbao. Kwenye simu nilikuwa na wimbo mmoja wa rumba ninaoujua hadi pale mwimbaji anapovuta pumzi, na kila spika niliyoonyeshwa mjini niliijaribu kwa wimbo huo. Nyingine zilikwaruza. Nyingine zilikuwa zimebadilishwa matumbo, nje mbao nzuri, ndani vitu vya ajabu. Mwishowe fundi redio mmoja akanielekeza kwenye nyumba ya familia ya wafanyabiashara karibu na msikiti. Mzee wao, alisema, alikuwa na spika ambazo hazijawahi kufunguliwa.

Alinipokea mtoto wa mzee, mwanamume wa rika langu. Mzee mwenyewe alikuwa sebuleni, amevaa kanzu na kofia, amekaa kwenye kiti cha kamba.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitika.

"Hasikii tena, dada," mwanawe akasema. "Masikio yamekufa, labda umpigie kelele sikioni. Ndiyo maana nimeona bora zipate mtu."

Akaunganisha simu yangu kwenye amplifaya. Wimbo ulipoanza nikasimama wima. Upande wa kushoto kulikuwa na gitaa ambalo miaka yote sikujua kama lipo. Sauti ya mwimbaji ilikaa katikati ya chumba kama mtu aliyekuja kutembea. Nilikuwa nimeshaamua kabla ubeti wa kwanza haujaisha.

Ndipo nikamwona mzee anasogeza kiti. Aliweka kiganja juu ya boksi lililokuwa karibu naye, akafumba macho, na kidole kimoja kikaanza kugonga taratibu, sawasawa na ngoma.

"Rumba!" akasema kwa sauti kubwa, akicheka.

Nikamtazama mwanawe. "Mazoea tu," akanijibu, akainama kuchomoa nyaya.

Nililipa, na tulipokuwa tunazitoa kwenda kwenye bajaji, mzee alitufuata hadi mlangoni. "Mnazipeleka wapi?"

Mwanawe akamwinamia sikioni, akapaza sauti huku akizungusha mkono kama anayekaza skrubu. "Kwa fundi!"

Mzee akanigeukia mimi. "Usizikawize, mwanangu."

Ningeweza kutikisa kichwa kukataa. Nilikubali kwa kichwa, nikapanda bajaji.

Nyumbani zililia vizuri kuliko nilivyotarajia. Mume wangu alipokuja alikiri mwenyewe kwamba sabufa ilikuwa kelele. Lakini mimi nilikuwa nasikiliza wimbo mmoja, nazima. Nikamweleza habari ya yule mzee. "Si wameuza kwa hiari yao?" akasema. Kweli, waliuza kwa hiari yao. Hata hivyo nilianza kwenda sokoni kwa njia ya kuzunguka, nisipite karibu na nyumba ile.

Halafu mzee akaja kwenye kliniki yetu ya presha. Nilikuwa nafunga kifaa mkononi kwa mama mmoja niliposikia ile sauti kubwa: "Fundi! Kumbe na unesi unafanya?" Foleni nzima ikacheka. Akaja hadi mezani kwangu, uso umemchangamka. "Spika zangu zimefikia wapi?"

Nilimwonyesha kwa vidole: bado kidogo. Nikiwa na sare nyeupe, mbele ya wagonjwa wangu, nilimdanganya mara ya pili. Akanishukuru, akaenda kukaa.

Jioni hiyo nilienda kwao. Nilimwambia mwanawe pale nje ya nyumba kwamba baba yake bado anausikia muziki, kwa mkono.

"Najua," akasema. "Dada, hujamwona akikumbatia lile boksi, machozi yanamtoka. Mimi ndiye ninayemwona kila siku. Nilitaka liondoke machoni mwangu."

Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia; badala yake nikamwita tukashushe mzigo. Spika ilikuwa kwenye bajaji getini. Spika moja. Njiani nilikuwa nimejiambia kwamba mtu anayesikiliza kwa kiganja hahitaji mbili.

Tuliiingiza ndani. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, kisha akachungulia nyuma yetu. "Na mwenzake?"

Mwanawe alitazama chini. Nikapiga magoti karibu na kiti, nikaweka mdomo sikioni kwa mzee na kusema kwa nguvu, nikirudia hadi nilipoona ameelewa: "Mimi si fundi. Nilizinunua."

Alinitazama muda mrefu. Kisha akamtazama mwanawe, na mwanawe akaanza kulia bila sauti. Mzee akanyoosha mkono, akamshika bega, akamvuta akae chini karibu naye.

"Mngeniambia tu," akasema. Safari hii hakupaza sauti. Kisha akanigeukia: "Ile nyingine usiiweke karibu na dirisha. Vumbi la huku linaua."

Mwanawe alinisindikiza hadi getini akinishukuru kwa moyo wangu mwema. Nilitaka kumwambia anyamaze, nikashindwa hata hilo. Ile nyingine iko sebuleni kwangu hadi leo, mbali na dirisha. Sijairudisha, na sijaacha kuisikiliza.