Polisi wa Mtaa na Mashati ya Mume Wangu

Nilikuwa na miezi mitatu. Huo ndio muda ulioandikwa kwenye kadi ya rangi ya chungwa niliyopewa na komini yetu, ofisi ya manispaa ya Berchem-Sainte-Agathe, baada ya masomo yangu kwisha na kadi ya uanafunzi kwisha pamoja nayo. Ndani ya miezi hiyo polisi wa mtaa angekuja nyumbani, bila kutoa taarifa, ahakikishe kwamba mimi, mwanamke wa Bukavu, na mume wangu, Mthailandi mwenye kibali cha kudumu, tunaishi kweli kama mke na mume. Akiridhika, ningekaa. Asiporidhika, ningeandikiwa barua ya kuamriwa kuondoka nchini, na mwaka ule sikuwa na pa kwenda: simu za Bukavu zilikuwa zimekatika kwa vita, na ndugu zangu waliokuwa hai walikuwa barabarani, wakikimbia kwa miguu.

Hofu ile ilikuwa na tabia zake. Ilinifundisha kutambua hatua za kila mpangaji ngazini. Ilinizuia kwenda sokoni, kwa kuwa nilijiambia: nikitoka tu atakuja, na ataandika kwamba hakukuta mtu. Nilioga mlango wa bafu ukiwa wazi, nisije nikakosa kusikia kengele.

Alikuja Jumanne, saa tisa alasiri, mume wangu akiwa kazini katika jiko la mkahawa mmoja karibu na kituo cha Schuman. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye mafua, na upole wake ndio ulionitisha zaidi. Alivua kofia, akaomba radhi kwa usumbufu, akaomba kuona chumba cha kulala. Akafungua kabati.

Ndani mlikuwa na vitenge vyangu, sketi zangu na magauni yangu. Hamkuwa na hata soksi moja ya mwanamume.

"Na bwana, madame? Nguo zake ziko wapi?"

Nilimpeleka kwenye chumba kidogo cha upande wa pili. Humo zilining'inia nguo zote za mume wangu, mashati juu, suruali chini, karibu na rafu ya sanamu ndogo ya Buddha. Mama yake alimlea akimfundisha kwamba shati la mwanamume, linalogusa kifua na hirizi ya shingoni, halichanganywi na sketi ya mwanamke. Likichanganywa, kinga ya hirizi inaondoka. Alifua zake katika beseni lake. Mwanzoni niliona nimetukanwa. Nilimuuliza uchafu wangu ni upi. Baadaye nikaona kwamba hata suruali zake mwenyewe hakuziweka juu ya mashati yake, basi nikamwachia chumba kile na mambo yakaisha. Kitanda chetu kilikuwa kimoja.

Haya yote nilimweleza polisi. Nilikuwa na shahada, na Kifaransa changu hakikuwa na kasoro. Lakini kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia kama mtu anayetunga. Aliandika kwa muda mrefu kuliko niliotumia kueleza.

"Tutaonana tena, madame," alisema.

Jioni ile nilipanda ghorofa ya juu kwa mama mmoja wa kwetu Kivu, mlezi wa wazee, aliyekuwa amekwisha kupita katika madirisha yote ya komini. Alinisikiliza mikono kiunoni.

"Eh! Weye ulisoma université yote ile, na kabati inakushinda? Polisi anaangaliaka kabati, mutoto yangu. Bon, kamata mashati ya ule Muchina yako, utie katikati ya nguo zako."

"Si Mchina, maman."

"Ata akuwe wa ku mwezi! Donc akirudia, anaona bwana na bibi. C'est tout."

Nilijua ni kosa. Nililifanya kesho yake, mume wangu alipokwenda kazini. Nilihamisha mashati kumi na moja, nikayabana moja moja kati ya sketi zangu, na kila hanga lilipogusa chuma niliyaona mbele ya macho yangu madirisha ya ndege ya kunirudisha.

Aliporudi, alifungua kabati, akasimama.

"Yote?" aliuliza.

"Yote."

Hakupandisha sauti. Ila tangu siku ile alivaa shati moja tu, lile alilokuwa nalo mwilini. Alilifua kila aliporudi, akalivaa bichi asubuhi. Hatukuzungumza. Nilimwogopa polisi, kisha nikaanza kuogopa ukimya wa mtu ambaye kwa ajili ya kubaki naye nilikuwa nimefanya haya yote.

Polisi alirudi Jumatatu asubuhi, siku ya mapumziko ya mkahawa. Alifungua kabati, akatazama daftari lake, akatazama tena kabati.

"Jumanne hayakuwa hapa."

"Hapana, bwana."

"Nani ameyahamisha?"

Mume wangu ndiye aliyejibu, kwa Kifaransa chake cha jikoni.

"Yeye. Mimi sivai tena haya. Shika." Akamnyooshea polisi mkono wa shati lake, mbichi hadi kwenye kiwiko. Kisha akanigeukia, kana kwamba mgeni ameyeyuka. "Ungeniuliza! Siku zote hizi naenda kazini na maji mgongoni!"

"Ningekuuliza ungekubali?"

"Hapana!"

"Basi! Wakinirudisha, mashati hayo utamvalia nani?"

"Nitakufuata."

"Kwenye vita?"

"Kwenye vita. Na mashati safi!"

Nilikuwa nikilia na kupiga kelele pamoja, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mbele ya mtu mwenye sare. Polisi alipenga kamasi. Alingoja hadi tukanyamaza, akaniuliza tu kama kila mmoja wetu hufua zake. Nikasema ndiyo. Akaandika mstari mmoja, akavaa kofia, akashuka ngazi.

Mstari ule niliusoma kichwani kwa wiki tano, kila siku kwa maneno mengine. Siku nyingine ulisema tunapendana. Siku nyingi zaidi ulisema tumeigiza.

Ndipo komini ikaniita. Karani wa kike alisukuma kadi mpya chini ya kioo, ya mwaka mmoja, akaongeza bila kuinua macho kwamba katika mwaka huo wanaweza kuja tena kukagua, wakati wowote.

Nilimkuta mume wangu akitundika mashati mapya mawili katika chumba kidogo. Nikamwambia aliyoyasema karani.

"Waje," alisema. "Ila safari hii usiguse kitu."

Sikugusa kitu mwaka mzima. Wala sikuwahi kuamini, hata siku moja, kwamba kutogusa kungetosha.