Chuma cha Ngazi ya Firmin Escoubès

Kwa miaka arobaini na mitatu Firmin Escoubès alikuwa mwashi, na kazi yake hasa ilikuwa kuyazeesha mawe. Kila jiwe jipya lililotiwa katika kuta za Montferrol, mji wa kale uliokaa kileleni mwa kilima, alilipaka maziwa ya mgando kwa brashi ili liote kuvu, hadi wageni walipolipiga picha na kuapa kwamba limewahi kupigwa mishale. Sasa alikuwa amestaafu, magoti yamekwisha, na nyumba yake ilikuwa ndani ya ukuta, vidato kumi na tisa juu ya uchochoro, pasipo pa kushika.

Aliomba ruhusa ya kuweka chuma cha kushikia. Ofisi ya majengo ya kale ikamjibu, kwa karatasi nzito, kwamba chuma kipya kingeiharibu karne ya kumi na tatu.

"Na watu wa karne hiyo walishukaje?" alimuuliza jirani yake Ginette, aliyewauzia wageni panga za plastiki.

"Walikufa wakiwa na miaka thelathini. Wewe ndiye uliyechelewa, Firmin."

Majira yale ya baridi alianguka mara mbili. Binti yake, aliyeishi bondeni, akamwambia bila kuzunguka: "Baba, ukianguka tena, nakupeleka nyumba ya wazee. Nimeshaulizia chumba."

Firmin akafanya alilolijua. Alitengeneza chuma, akakilaza wiki tatu katika siki na chumvi ili kiote kutu, akakipachika ukutani na kuyapaka mawe yaliyokishika maziwa ya mgando. Kufikia Pasaka kilikuwa kimekula chumvi nyingi kuliko yeye mwenyewe, naye akawa anashuka peke yake kununua mkate.

Mwezi Mei akaja mkaguzi wa ofisi ile, Bibi Vasseur, mtu wa Paris mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Alipita, akasimama, akarudi nyuma. Akakigusa chuma kwa ncha ya kidole.

"Bwana Escoubès, hiki kipo hapa tangu lini?"

Firmin alijua kwamba akisema kweli, kesho kitakatwa. "Tangu nilipoanza kukihitaji, bibi."

Mkaguzi hakumsikia. "Karne ya kumi na tatu," alinong'ona, machozi yakimlengalenga. "Mwishoni."

"Mwishoni kabisa!" Ginette akadakia kutoka mlangoni pake.

"Kuanzia leo hakiguswi," Bibi Vasseur alisema. "Jasho la mikono linakula chuma."

"Na mimi nitashika nini?"

"Tafadhali, bwana. Barua yako tulishaijibu."

Wiki hiyohiyo wakaja mafundi wa ofisi na mashine zao za kutobolea. Ili mkono wa mtu usiifikie hazina hiyo, walisimika mbele yake kizuizi cha chuma kisichoshika kutu, kimo cha kiuno, kutoka kidato cha kwanza hadi cha kumi na tisa, kikakazwa kwa bolti nene kama dole gumba. Firmin aliwasubiri waondoke, akakitikisa kwa mikono miwili. Hakikutikisika.

Asubuhi yake kundi la wageni lilijaa uchochoroni, mwongozaji akiwaeleza habari za shujaa aliyejikokota kwa chuma kile akiwa na mshale begani. Firmin alishuka taratibu katikati ya kamera zao, kiganja chake kikiteleza juu ya kizuizi kinachong'aa.

"Nipisheni, jamani," alisema. "Mkate utaisha."