Pono wa Buluu wa Barking

Nilikwenda London kwa sababu shangazi yangu, Bi Zuhura, alinipigia simu Maskat akaniambia, "Mwanangu, silali. Njoo nikuone." Mapinduzi ya Zanzibar yalitutawanya. Yeye alifika Uingereza. Mimi nilitoka Pemba ningali mdogo, nikatangatanga Mombasa, Dubai, kisha Maskat, kila mahali nikikaa kidogo na kupatamani nilikotoka.

Kwake Hayes, mtaa wa London jirani na uwanja wa ndege, nilimkuta amekonda, macho mekundu. Vidonge vya hospitali havikumsaidia, na chakula amekikataa.

"Nataka pono," alisema. "Kwetu kisiwani Kojani nikila samaki huyo, nalala kama yeye."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Asubuhi nilipanda treni hadi Ilford, kwenye maduka ya vyakula vya kwetu. Mihogo ipo, bamia zipo, hata papa mkavu yupo, pono hakuna. Nikaelekezwa Barking.

Huko, katika duka la Mhindi mzaliwa wa Mombasa, juu ya barafu alilala samaki wa buluu na kijani, mzuri kama kanga mpya.

"Pono huyo, bwana. Ametoka Shelisheli."

"Pono ni wa kahawia. Nimewala utotoni Pemba."

"Kwani wewe ni wa Pemba ama wa Wembley?"

Wateja wakacheka. Nikatoka mikono mitupu, kichwa juu.

Jioni shangazi alinisikiliza hadi mwisho. "Mdomo wake ukoje?"

"Kama wa kasuku."

"Basi pono umemwacha kwenye barafu, mjinga wee! Uliondoka mdogo, ukawajua wa kahawia tu. Wengi wao majike. Jike akikua hugeuka dume, akavaa buluu. Mimi je? Mume wangu alipokufa, si nimekuwa baba wa nyumba hii?"

Akacheka mpaka akakohoa.

Kesho yake Mhindi alinifungia pono mkubwa, akitabasamu. Shangazi alimpasua mwenyewe. Tumboni mkatoka mchanga mweupe, laini, akausugua vidoleni.

"Huyu katafuna matumbawe. Ule ufuo wetu mweupe, sehemu yake imetoka matumboni mwa hawa. Usiku hujipenyeza kwenye pango la mwamba, wengine wakajifunika utando wa ute wao, wakalala. Unamwokota kwa mkono."

Nilistaajabu: mwamba wa bahari umefika Hayes ndani ya samaki. Alimpika kwa nazi, akala sahani mbili. Tangu hapo kila Ijumaa nilikwenda Barking, na sikutazama tena rangi. Nilitazama mdomo kwanza.

Siku niliyoondoka London moja kwa moja, nikirudi Pemba, teksi ilingoja nje. Nilitaka kumuaga shangazi. Binti yake, Salma, alinizuia mlangoni, akanong'ona kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba mama amelala.

Nikachungulia. Ndege ilipita juu ya paa, vioo vikatetemeka. Bi Zuhura, shuka hadi puani, akikoroma, hata hakujigeuza.

Nikalinyanyua sanduku langu kwa mikono miwili, lisije likagonga ukuta.