Jiko Lisiloogopa Upepo

Jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya marundo meupe ya chumvi, na upepo tayari unazitikisa kamba za mahema. Denolia Klaase anapiga magoti kwenye nyasi za kambi ya likizo ya Soutkuil, ya mahema na karavani, zile nyumba za kuvutwa na magari, pwani ya magharibi ya Rasi, Afrika Kusini. Anafungua mtungi wa gesi, ananusa kwenye maungio ya mpira, kisha anabonyeza kitufe.

Moto wa buluu unashika papo hapo.

"Umeuona?" anauliza, macho yamemtoka kwa furaha. "Upepo wote huu, na haujatikisika!"

Anafunga kifuniko na kurudi kwenye beseni la unga uliokandwa. Nyuma yake foleni imeshaanza: wanaume wenye kaptula, wanawake waliojifunga mataulo kichwani, watoto wenye sahani za plastiki. Wote wamefuata mikate ya kuchoma juu ya wavu, ile ambayo hapa huitwa roosterkoek, mikubwa kama ngumi, inayopasuliwa ingali moto na kupakwa siagi na jamu ya aprikoti.

"Dena, leo mimi wa kwanza!" mwanamume mmoja anapaza sauti.

"Wa kwanza ni aliyeoga," Dena anamjibu bila kugeuka. "Wewe nimekuona umetoka kitandani moja kwa moja. Rudi nyuma huko."

Foleni nzima inaangua kicheko. Dena ana haki ya kusema hivyo, kwa sababu ndiye anayesafisha mabafu ya kambi hii. Ana umri wa miaka hamsini na tatu, na ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na tisa. Mikate ni kibarua chake cha pembeni, cha msimu wa Desemba tu, kabla zamu ya deki haijaanza.

Lakini kibarua hicho ndicho kinachoibeba nyumba. Mumewe, Apools, anafanya kazi kwenye mabwawa ya chumvi, na mvua za majira ya baridi zikianza kazi hiyo husimama. "Mkate wa Desemba ndio unaolipa umeme wa Juni," anasema Dena. "Ni hivyo kila mwaka."

Mwaka huu mambo yalitaka kwenda kombo. Mwanzoni mwa Desemba vichaka vya kando ya barabara viliwaka moto, vikaungua hadi kwenye ua wa kambi. Hakuna aliyeumia, lakini tangazo likabandikwa getini siku ya pili: hakuna kuni, hakuna makaa, mpaka mvua zinyeshe. Ruhusa ni ya gesi tu.

Kwa watu wa karavani hilo lilikuwa kama kuambiwa harusi ipo ila bibi harusi hatakuja. Watu hapa hawaji kuogelea, maji yana baridi ya kung'oa meno. Wanakuja kuchoma nyama.

Aliyeumia moyo kuliko wote ni Faan Terblanche, dereva wa treni mstaafu kutoka Kroonstad, ambaye kambi nzima inamwita Anko Faan. Kila Desemba huja na mkewe, Bets, na kuni zake mwenyewe.

"Nimevuta kuni za mgunga kilomita elfu moja," anasema mzee huyo, akionyesha rundo lililofunikwa kwa turubai. "Sasa zimelala pale kama maiti. Gesi! Gesi ni ya kuchemshia chai ya wagonjwa."

Dena naye alikuwa akichoma mikate yake kwa makaa, ndani ya nusu pipa. Pipa likazimika. Meneja wa kambi, Valencia Januarie, akamwita ofisini.

"Sikumficha," anasema Valencia. "Kuna duka la mikate mjini lilikuwa limeomba kutuletea mikate ya mifuko. Nikamwambia, Dena, nakupa mpaka Ijumaa jioni. Nionyeshe mkate wa gesi unaolika, nafasi ni yako. Usiponionyesha, nitawaita wale."

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Dena aliazima jiko dogo la gesi la jirani, akaweka wavu juu, akapanga mikate. Upepo ukaulaza moto upande mmoja. Mikate ikatoka hivi: nje myeusi kama tairi, ndani uji.

Anko Faan akauokota mmoja, akaugonga mezani. "Dena, binti yangu, huu ni mkate au ni breki ya treni?"

"Nilicheka nao," anasimulia Dena. "Nilicheka sana. Nilipofika bafuni nikafunga mlango, nikalia. Halafu nikapiga deki, maana deki haingoji mtu amalize kulia."

Jioni hiyo yeye na Apools walikaa jikoni kwao kujadiliana. Akiba yao ilikuwa ya kununulia mashine ya kufulia. Ingetosha jiko moja zuri la gesi la kuchomea nje, si mawili. Na duka la vifaa vya kambi la mjini lina sharti lake: jiko likishawashwa halirudishwi.

"Tununue tu lile la mlangoni, linang'aa," alisema Apools.

"Wewe hata mimi uliniona nang'aa," Dena akamjibu. "Tukikosea, tumekosa mashine na tumekosa mikate. Mimi sinunui kitu nisichokijua."

Usiku ukampa wazo. Kambi ilikuwa na karavani zaidi ya sitini, na kila karavani, tangu marufuku ianze, ilikuwa na jiko la gesi. Kwa nini aende kubahatisha dukani, na majiko yote yako pale pale anapofanya kazi?

Asubuhi ya Alhamisi, baada ya deki, alianza kugonga milango.

"Watu hawa nimewaoshea bafu miaka yote. Wengine nawajua kwa ndala zao tu," anasema. "Nikawaambia, leo na mimi nina ombi. Niazimeni majiko yenu niyajaribu kwa unga wangu. Mikate mtakula nyinyi."

Alitegemea watatu wanne wakubali. Ilipofika saa nne, nyasi za mbele ya ofisi zilikuwa zimejaa majiko, na wenye majiko wakibishana kama wamiliki wa farasi wa mashindano.

"Langu lina kipimajoto!"

"Kipimajoto cha nini? Unachoma nyama au unapima homa?"

Khanyiso Ntshinga na mkewe Lindelwa, waliokuwa wamekuja kambini kwa mara ya kwanza kutoka Gqeberha, walileta jiko linalokunjwa kama sanduku la safari. Liliwaka upesi na Dena akalipenda kwa wepesi wake. Kisha upepo ukapita katikati ya miguu yake mirefu, na moto ukazimika kabla mkate haujaanza kuumuka.

"Dada Dena, sikufichi," alisema Khanyiso, huku Lindelwa akimcheka. "Hili tulinunua kwa sababu linapendeza kwenye picha."

Likafuata jiko kubwa la vichomeo sita, lililosukumwa na wanaume wanne huku wakitukanana. Hilo lilichoma vizuri. Dena akaruka kwa furaha, akapiga makofi. Halafu akaenda kwenye stoo ya ndoo na mafagio, mahali pekee ambapo angeweza kulifungia usiku, akapima mlango kwa mikono yake. Jiko lisingeingia hata nusu. Na mwenye jiko akakiri kwamba linakunywa gesi kama lori linavyokunywa dizeli.

La tatu lilikuwa na kifuniko chembamba, joto likatoroka. La nne lilichoma katikati tu, pembeni baridi. Unga ulikuwa unapungua, na Dena alianza kuingiwa na hofu.

Hapo ndipo Anti Bets alipoondoka kimya kimya. Alirudi akiburuta kigari chenye kitu kilichofunikwa blanketi.

Anko Faan akasimama. "Bets, hapana."

"Faan, ndiyo."

Akalifunua blanketi. Lilikuwa jiko la gesi la zamani, fupi na nene, jeusi kwa mafuta ya miaka mingi. Lilikuwa na vichomeo viwili, wavu wa chuma kizito, na kifuniko ambacho ulihitaji mkono wa haja kukiinua.

"Hili linakaa chini ya kitanda chetu," Anti Bets aliitangazia kambi nzima. "Mvua ikinyesha, au bwana akichoka kupuliza kuni zake, tunachomea nyuma ya karavani na pazia tumefunga."

Kelele zilizopigwa pale, anasema Valencia, zilimtoa ofisini mbio akidhani kuna mtu amezama. Anko Faan alijifunika uso kwa kofia.

"Ni kwa ajili ya samaki tu," alijitetea.

"Na soseji," alisema mkewe.

"Soseji mara moja."

"Na nyama ya Krismasi ya mwaka jana, ile uliyosifiwa na watu wote hawa."

Kicheko kilipopungua, Anti Bets alimshika Dena mkono na kumfundisha. Geuza mgongo wa jiko kwenye upepo. Lifunge, liache lipate moto mpaka chuma chenyewe kiwe kimeiva. Kisha zima kichomeo kimoja, na mkate uweke upande ule uliozimwa, ufunike, usichungulie.

"Nilikuwa nauweka mkate juu ya moto, kama kwenye makaa," anasema Dena. "Kumbe gesi unaipa chuma, na chuma ndicho kinachokupa mkate."

Kifuniko kilipoinuliwa, mikate ilikuwa imeumuka, ya kahawia, na mistari ya wavu mgongoni. Wa kwanza alipewa Anko Faan. Akaula wote. Kisha akanyoosha sahani apewe mwingine.

Ijumaa asubuhi Dena na Apools walikuwa dukani kwa Yusuf Gamiet, muuza vifaa vya kambi wa mjini. Dena alikuwa amepakata beseni la unga lililofunikwa taulo. Aina ile ya Anti Bets, Yusuf akawaambia, haitengenezwi tena. Lakini alikuwa na nyingine tatu za vichomeo viwili.

Dena akalala chali sakafuni kuangalia chini ya majiko. Akagonga vifuniko kwa kiungo cha kidole. Akainua nyavu moja moja.

"Anti, unanunua jiko au ng'ombe?" aliuliza Yusuf.

"Ng'ombe ningemwangalia meno tu. Hili nataka kuliona likiwaka."

"Likiwaka ni lako. Sharti liko ukutani pale."

"Haya uliyoyaweka ya maonyesho je? Hayo nani atayanunua, yameshashikwashikwa na kila mtu?"

Yusuf akajikuna kidevu. Anasema hajui hata leo ilikuwaje akajikuta amebeba majiko mawili ya maonyesho hadi kwenye maegesho ya magari, mahali upepo unapovuma bila aibu. La kwanza likazimika mara mbili. La pili, lenye tumbo refu na chuma kizito, likaunguruma na kutulia. Dena akafunua beseni.

Harufu ya mkate ilifanya kazi yake. Watu waliokuwa wakipakia mizigo wakasogea. Mtu akatoa siagi kwenye mfuko wake wa manunuzi, mwingine akafungua jamu. Dena akawa anacheza kuzunguka jiko huku akiimba jina la mumewe: "Apools! Apools! Ndilo hili! Ndilo lenyewe!"

"Kabla ya saa sita nilikuwa nimeuza manne ya aina ile," anasema Yusuf. "Nikampa mpira na kichwa cha gesi bure. Ningekuwa na akili ningemwajiri."

Jiko lilimgharimu randi elfu tatu na mia tano, karibu akiba yote. Jioni hiyo alilisimamisha mbele ya ofisi, mgongo kwenye upepo, na kumpelekea Valencia sahani.

"Nilikula miwili nimesimama," anasema meneja huyo. "Wale wa duka la mikate niliwapigia simu kuwakatalia, mdomo ungali umejaa."

Tangu siku hiyo foleni haijapungua. Kwa makaa Dena alikuwa akiuza mikate themanini kwa asubuhi. Sasa inafika mia moja na ishirini, na hawahi tena kuamka kukoka moto. Anko Faan amejipa kazi ya kupanga foleni. "Huu bado si moto wa kweli," anawaambia watu, siagi ikimchuruzika kidevuni.

Valencia amemwahidi Dena kibanda cha zamani cha barafu msimu ujao, na mashine ya kufulia itanunuliwa kabla ya Pasaka. Lakini ukimuuliza anachokisubiri zaidi, hataji kibanda wala mashine.

Mwezi wa Machi, shule zikiwa zimeshafunguliwa na kambi ikiwa tupu, yeye na Apools wamelipia kiwanja cha hema kwa wiki nzima, kile kinachotazama mdomo wa mto. Katika miaka kumi na tisa hajawahi kulala hapa hata usiku mmoja. Mama yake alifua mashuka ya kambi hii enzi ambazo watu wa rangi yao waliingia kwa geti la nyuma na kutoka kabla ya jua kuzama. Hema wameazima kwa shemeji, na Apools anafanya mazoezi ya kulisimamisha uani.

"Nitachoma mikate yetu wawili tu," anasema Dena. "Na samaki. Na nyama, nisimuuzie mtu."

Na mabafu wiki hiyo atasafisha nani?

"Sijui, na sitauliza," anasema, akicheka mpaka anashika mbavu. "Najua tu kwamba nitaingia pale bila ndoo. Nitaoga mpaka maji ya moto yaishe. Halafu nitatoka zangu, niiache sakafu imelowa chapa."