Kushoto kwa Nani?

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mjomba wangu wa Mabawa aliifunga kompyuta yangu kwa kiganja akaniambia nisimdhihaki.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umepooza, hauwezi tena kusambaza kete, na bao ndilo lililokuwa furaha yake. Nikamtengenezea la kwenye kompyuta. Programu ilikuwa na vipande viwili: ubao anaouona kwenye skrini, kazi yangu mimi, na injini ya kupiga hesabu iliyojificha nyuma, niliyopewa na mwenzangu wa chuoni. Mjomba akichagua shimo, ubao unaiambia injini. Injini inafikiri, inajibu. Basi majibu yake yalikuwa ya hovyo kabisa.

"Waniachia nishinde," alisema. "Wanionea huruma kwa kuwa mgonjwa?"

"Wallahi mjomba, sikuachii."

Hakuniamini. Iliniuma, lakini, na hapa utanicheka, udadisi ulizidi maumivu. Hao wawili huko ndani wanaambiana nini? Nikafungua kidirisha kinachoonyesha kila ujumbe unaopita kati yao, nikaweka bao la mti mkekani, nikaketi upande wa injini ili nicheze kama inavyosikia. Nikambembeleza mjomba achague shimo moja tu.

Akachagua la kwanza kushoto. Ubao ukatuma: moja. Mkono wangu ukaenda kwenye safu yake, shimo la kwanza kutoka kushoto kwangu. Kumbe kwake yeye hilo ni la mwisho!

Nilicheka mpaka mjomba akakunja uso. Ubao ulihesabu mashimo yake kutokea alikokaa yeye. Injini ikayahesabu kutokea ng'ambo. Maskini, haikuwa pumbavu. Ilikuwa ikicheza kwa akili bao jingine kabisa.

Nikarekebisha, akacheza tena. Alifungwa vibaya. Akautazama ubao, kisha akanitazama mimi, machozi yanamlengalenga.

"Haya, panga upya," akasema. "Leo hatoki mtu hapa."

Mwanangu, mtu akikujibu usivyotarajia, usikimbilie kumwita mjinga wala mwenye dharau. Nenda kakae upande wake kwanza, usikie maneno yako yanavyofika kule. Mimi nimelea watoto na kuishi na mume kwa hilo, na bado huwa nasahau.

Mungu akupe sikio lenye subira, na akujaalie watu wa kukufunga bila kukuonea huruma. Amin.