Kigoda Hanyanyuki Kwenye Siti

Hapa mtaani wako watu watatu wanaodai kwamba ndio waliomfundisha Kigoda kupanda mlima kwa baiskeli. Wawili ni waongo. Wa tatu ni mimi, mjomba wake, fundi baiskeli, na ushahidi ninao: baiskeli yake ya kwanza niliiunga kwa mikono yangu kutokana na mabaki ya baiskeli nne, hata rangi zake hazikuwa zinasalimiana.

Jina lake halisi analo, na mama yake hulitumia akikasirika. Sisi wengine tunamwita Kigoda kwa sababu hanyanyuki. Waendesha baiskeli wengine mlima ukikaza husimama juu ya pedali wakayumba huku na huku. Huyu hukaa. Kiuno kimetulia, kiwiko cha kushoto kimetoka nje kidogo, kichwa kimelala upande kama anayesikiliza ugomvi wa jirani ukutani. Nimemtania sana kwa hilo, lakini sababu yake ni ya kikazi.

Alianza kwa kuuza maji. Mtaa wetu uko juu ya kilima na bomba linaishia chini, kwa hiyo maji hupanda kwa baiskeli: madumu mawili ubavuni, la tatu kwenye keria, yote yamefungwa kwa mipira ya tyubu. Sasa wewe jifanye hodari, simama juu ya pedali na mzigo ule. Dumu la nyuma litakuvuta, gurudumu la mbele litatazama mbinguni, na utajikuta umelala barabarani wewe na maji ya watu. Anayejua kazi anakaa. Kigoda alijua kazi kabla hajamaliza mwezi, na alikuwa mwanamke pekee kati ya wanaume wa kilima kile, wengine wamezeeka na madumu.

Kilima chenyewe kina sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika. Kona ya tatu ndiyo mbaya, inapinda huku inapanda. Ukimkuta mwenzako amekwama pale, humpiti. Unamtia kiganja mgongoni, unamsukuma mpaka atoke kwenye kona, ndipo unaendelea na hamsini zako. Hata kama asubuhi mligombania mteja. Mimi mwenyewe nimewahi kusukumwa pale na mtu aliyekuwa ameninunia mwezi mzima. Alinisukuma hadi juu na hakunisalimia.

Mama yake Kigoda ni dada yangu, fundi cherehani. Chumba chake na karakana yangu vinagawana ukuta mmoja, kwa hiyo mashine yake ikisimama najua anakuja kunisema.

"Huyu binti atabeba maji mpaka lini?" aliniuliza siku moja.

"Mpaka miguu ikomae."

"Ikomae iende wapi?"

Mtu wa hadhi yangu hakosi la kusema. "Utaona," nikamwambia.

Akaona. Chama cha baiskeli kilileta mashindano ya kupanda kilima chetu hichohicho. Kigoda aliingia na baiskeli ya kuazima, bila mzigo, akilalamika kwamba nyuma kuna wepesi unaomtia wasiwasi. Akawaacha wote, amekaa. Wakamchukua kwenye kambi ya mazoezi, wakampima kwa mashine zenye nyaya, na baadaye timu moja ya kulipwa, ng'ambo, ikampa mkataba wa msimu mmoja. Mtaa mzima ulikuja kunipongeza, na mimi sikumzuia mtu.

Alipopiga simu mara ya kwanza kutoka huko, mama yake akauliza, "Na kazi yenyewe ni ya kufanya nini hasa?"

"Kubeba maji, mama."

Dada akanitazama kana kwamba nimemuuza mtoto wake.

Lakini ndivyo ilivyo. Katika mashindano yale makubwa kila timu ina kiongozi mmoja anayetafuta ushindi, na wengine wote ni watumishi wake. Kigoda alikuwa anarudi nyuma kwenye gari la timu, anajaza chupa mifukoni, mgongoni, hadi ndani ya fulana, anageuka kituko, kisha anawapandia wenzake mlimani kuwagawia. Akimaliza hapo anatangulia mbele ya kiongozi kumkatia upepo. Baada ya hapo mwili umekwisha, na mlima wa mwisho anaupanda kwa masazo.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililokuwa likimnyima dada usingizi. Mashindano yenyewe ni ya siku kadhaa mfululizo, na kila siku mshindi akishafika, saa inaanza kuhesabu. Atakayefika baada ya muda uliowekwa, kesho hapandi baiskeli, anapanda gari. Kwa sababu hiyo waliochoka hukusanyika kundi moja huku nyuma, wakasaidiana kukata upepo ili wote wafike kabla saa haijawafungia mlango. Na meneja wa timu, mtu wa maneno machache anayetafuna vijiti vya meno, alikuwa amemwambia Kigoda waziwazi: mashindano ya milima ya mwisho wa msimu ndiyo mtihani wake. Akifika mji wa mwisho akiwa bado ndani, mwakani ana kazi. Asipofika, watamshukuru na kumkatia tiketi ya kurudi.

Siku chache za kwanza za mashindano hayo alikwenda vizuri. Kisha jioni moja akanipigia, mimi, si mama yake, nikajua kuna kitu.

"Mjomba, nimefanya ujinga."

"Umeangusha mtu?"

"Nimemsukuma."

"Umemsukuma akaanguka?"

"Nimemsukuma akapanda. Dada mmoja mrefu wa timu nyingine. Kona ilikuwa kali, miguu ikamkaza, akawa amekwama kabisa. Nikamtia kiganja. Wala sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe."

"Sasa ujinga uko wapi hapo?"

"Huku ni kosa, mjomba. Kila mtu apande kwa miguu yake. Mwamuzi wa pikipiki alikuwa nyuma yangu, ameandika. Nikirudia natolewa. Na meneja anasema nimemsaidia mpinzani, tangu tufike haongei na mimi."

"Huyo mrefu alikushukuru?"

"Hakuweza. Alikuwa anatapika."

Nilimwambia kwamba kwa sheria ya kilima chetu hana kosa, na kwamba mwamuzi huyo aje hapa kona ya tatu na madumu matatu tumwone. Akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa chembamba. Mashine ya upande wa pili ilikuwa imesimama. Dada akaingia na kuninyang'anya simu.

"Huo mkono wako uuweke kwenye usukani. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Usiutoe hata ukimwona mjomba wako amekwama."

"Sawa, mama."

"Na ule chakula."

Siku ya mwisho ya milima niliitundika televisheni karakanani, katikati ya rimu. Baada ya siku ile ilikuwa imebaki siku moja tu ya barabara tambarare, ambayo hata mimi na magoti yangu ningeimaliza. Kwa hiyo yote yalikuwa pale. Dada akaja na koti la mteja, akakaa kwenye kopo la rangi akashona vifungo kwa mkono. Mwashi mmoja aliyekuja kuchukua gurudumu lake akakataa kuondoka.

Mlima wa kwanza tulimwona Kigoda, mgongo umevimba kwa chupa, akigawa. Nikawaeleza waliokuwepo ni nani aliyemfundisha. Mlima wa pili ulikuwa haujaanza tairi ya kiongozi wao ilipopasuka, na gari la timu liko mbali. Kigoda akasimama, akachomoa gurudumu lake la mbele, akampa. Kiongozi akaondoka. Yule mtoto akabaki kando ya barabara ameshika baiskeli yenye gurudumu moja, sawasawa na wateja wangu wa Jumatatu.

"Ametoa gurudumu lake?" mwashi akauliza.

"Ndiyo kazi."

"Mimi nisingetoa."

"Wewe hata spana yangu hujarudisha."

Kamera ikamwacha. Ikawafuata wa mbele, kama kawaida ya kamera. Tukatazama mlima wa pili bila yeye, bonde refu bila yeye, upepo ukilaza nyasi. Mtangazaji alitaja majina ya watu wote na mbwa mmoja aliyekatiza barabara, yeye hakumtaja. Mlima wa tatu ukaanza. Nilichukua pampu nikajaza upepo gurudumu la mwashi, ambalo lilikuwa limeshajaa. Dada alishona kifungo kimoja, akakata uzi, akakishona tena kilekile.

Mshindi akafika, akainua mikono, na saa ikaanza. Tukaonyeshwa maua, tukaonyeshwa wazazi wa mshindi. Walifika wa pili na wa tatu, wakafika kumi, kisha ishirini. Kigoda hakuwemo. Halafu wakamsimamisha mshindi mbele ya kipaza sauti, taulo shingoni, akaeleza alivyojisikia. Alieleza kwa urefu. Nyuma yake, mbali, pakaonekana kipande kidogo cha barabara na saa kubwa juu ya mstari.

Dada akaacha sindano hewani.

"Yule pale," akasema.

"Yupi?"

"Nyuma ya bega la huyu anayeongea. Kundi lile."

Nikasogeza pua hadi kwenye kioo. Niliona madoa ya rangi yanakuja, kundi zima la watu waliosimama juu ya pedali wakipigania mita za mwisho, wanayumba kama kamba ya nguo kwenye upepo. Katikati yao doa moja lilikuwa limekaa. Halikuyumba. Kiwiko cha kushoto kimetoka nje.

"Amekaa," mwashi akanong'ona.

"Saa," dada akasema. "Soma saa, macho yangu yana uzi."

Nikaisoma, nikaisoma tena kwa sababu shule mimi niliipitia dirishani. Muda ulikuwa bado haujaisha walipovuka mstari. Kidogo sana, lakini bado. Dada akakunja koti la watu vizuri, akaliweka magotini, akaulaza uso juu yake. Mwashi akajifanya anakagua gurudumu lake. Mimi ilibidi nitafute pampu ambayo nilikuwa nimeishika mkononi.

Jioni alipopiga simu ndipo tukajua yaliyokuwa bondeni. Alipopata gurudumu jingine alikuwa peke yake, upepo usoni, kundi la waliochoka linaonekana mbele kwa mbali kama nukta. Alikwisha kata tamaa, anasema, alikuwa ameanza kufikiria atasema nini akirudi nyumbani. Kisha akaona mtu wa mwisho katika kundi lile anageuka nyuma. Anageuka tena. Alikuwa ndiye yule mrefu. Akaenda mbele ya kundi, akasema na wenzake, na kundi likalegeza mwendo mpaka Kigoda akalifikia. Wakamweka katikati.

"Hakuna aliyenigusa, mjomba. Walinikatia upepo tu. Hilo linaruhusiwa."

"Na mlimani?"

"Mlimani yule mrefu akaanza tena kukwama. Kwenye kona, hivihivi. Mkono wangu ukatoka kwenye usukani."

Mama yake akashtuka. "Nilikwambia nini?"

"Ukatoka, mama, ukafika hewani, nikasikia pikipiki. Nikajikuna sikio."

Dada alicheka mpaka akashika ukuta wetu.

"Nikaenda sambamba naye," Kigoda akaendelea. "Nikawa namhesabia kona. Namwambia imebaki hii na ile, hii na ile, hata zikiwa tano. Alinitukana kwa lugha yake njia nzima. Tumefika pamoja."

"Na meneja?" nikauliza, maana hapo ndipo roho yangu ilipokuwa imening'inia tangu asubuhi.

"Alikuja kwenye basi. Akanipa chupa ya maji, ameshaifungua. Akasema, 'Leo kunywa wewe.' Nikanywa. Akatafuna kijiti chake, akasema, 'Kesho ni tambarare, usianguke. Mkataba uko kwenye mkoba wangu.' Akashuka."

Hakuanguka. Aliufikia mji wa mwisho katikati ya kundi, na mwakani yupo.

Alipokuja likizo alikuta ile baiskeli ya rangi nne nimeipaka mafuta na kuikaza cheni. Wala hakupumzika. Akaichukua, akashuka kilimani, akapanda nayo tupu, amekaa, sisi tukiwa juu tunamtazama. Kwenye kona ya tatu alikuwepo mzee wa maji, madumu matatu, baiskeli imegoma. Kigoda akamfikia, akatoa mkono wa kushoto. Kabla hajaugusa mgongo wa mzee, akageuka nyuma kutazama kama kuna pikipiki.

Haikuwepo. Akamtia kiganja, wakapanda.