Karakana ya Tullis

Mashine za kuchomelea ndizo zilizotangulia kuondoka. Lori lilikuja shuleni asubuhi, vijana wakiwa darasani, na wapakiaji wakasema zinakwenda kutengenezwa. Arzella Pettway, aliyekuwa dereva wa basi la shule hapa Tullis tangu mumewe afariki, aliliangalia kutoka kwenye usukani. Mafundi wako kusini. Lori lilikunja kona ya kaskazini, kwenye wilaya za wenye nazo.

Wakati huohuo, ng'ambo ya shamba la pamba la kina Rudd, nguzo za uzio zilikuwa zinasimamishwa. Lilikuwa gereza jipya. Sisi wa Tullis tumeahidiwa viwanda miaka nenda miaka rudi, hatujaona hata tofali. Hili lilipanda haraka kama magugu.

Binti wa Arzella, Keturah, alikuwa akisomea umeme katika karakana ya shule. Ndiye aliyeleta habari, kambare wa kukaanga akipoa mezani.

"Mama, mwakani hakuna umeme. Tutafundishwa uaskari wa magereza."

"Nani kasema?"

"Mwalimu. Ni mpango wa jimbo zima. Kule Fairhaven, kwa wenye nazo, wanapata kompyuta na mashine za hospitali. Sisi pingu."

"Usinitanie, mtoto wewe."

"Natamani ningekuwa natania."

Watu wa mpango walikuja kusikiliza maoni siku ya kazi, saa za kazi. Tulijitokeza wachache, wengi kina mama wa kanisani. Bwana Hale, kiongozi wao, alisema kwa upole kwamba mafunzo hufuata ajira zilizopo.

Arzella akasimama. "Na ajira ziwe wapi, nani anaamua? Mmeanza kujenga gereza, sasa mnatuambia watoto wetu wamezaliwa kushika funguo!"

"Mwambie, dada!" kina mama wakaitikia.

Hale hakukasirika. Alitabasamu, akamwuliza jina. Kisha akamwomba alirudie, taratibu.

Wiki ileile gari la polisi likaanza kufuata basi lake. Halikumsimamisha hata mara moja. Lilikuwa nyuma tu, kituo hadi kituo, mpaka watoto wakaacha kuimba. Mkuu wa madereva, Dupree, waliyekua naye mtaa mmoja, alimvuta pembeni.

"Zella, wewe endesha basi. Mengine waachie wenyewe."

"Wenyewe ni akina nani, Dupree? Si ni sisi?"

Dupree alitazama barabarani kabla ya kujibu. "Mimi sijaongea na wewe leo. Umesikia?"

Arzella alikwenda hata hivyo, kuikabili kamati ya jimbo iliyopitisha mpango. Mchungaji alitoa gari dogo la kanisa, tukajibana humo hadi mji mkuu wa jimbo. Kwenye ukumbi wa kamati, Arzella alishika meza kwa mikono miwili.

"Sikuja kuwaombea wangu huruma," alisema. "Mnachompa mtoto wa Fairhaven, mpeni na wa Tullis. Basi."

Mama mmoja wa kamati alifuta macho. Wengine walitazama saa.

Jibu lilikuja majira ya kuvuna pamba. Kozi ya umeme ingebaki, lakini katika shule ya wilaya jirani, mwendo wa saa nzima. Usafiri haukutajwa. Na Arzella aliambiwa njia yake ya basi imefutwa.

Alilia siku moja. Baada ya hapo akaomba gari la kanisa, akawa anawapeleka mwenyewe wale waliokubali kwenda. Mwanzoni walijaa. Wazazi walipoona gari la polisi limehamia nyuma ya lile la kanisa, wakaanza kupungua, mmoja mmoja, bila kuaga. Keturah na wenzake wawili walivumilia hadi wakapata vyeti.

Kanisa zima lilipiga makofi siku hiyo. Kampuni moja ya umeme ikamchukua Keturah mara moja, akarudi jioni ya kwanza na kofia ya kazi kwapani. Hakutaka chakula.

"Wamekupangia wapi?" mama yake akauliza.

"Hapo ng'ambo, kwa kina Rudd. Shamba limenunuliwa. Gereza linaongezwa."

"Linaongezwa kiasi gani?"

Keturah alivua buti polepole. "Sijui, Mama. Nyaya tunazozilaza zinakuja upande huu."